Hodi ya Tatu

Bi Nasriya alikuwa na sauti. Tangu akiwa Unguja, kabla hajahamia Mutrah, mji wa bandari kwa Waarabu, pamoja na mumewe Thabit mwaka 1965, akimwita mtoto wa jirani mtaa mzima uligeuka. Ukipiga hodi kwake, "Karibu!" ilikufikia hujavua hata viatu. Kisha shingo ikaanza kuvimba, rovu likakua mpaka kumeza tonge kukawa taabu, na mwanzoni mwa mwaka 1969 akapelekwa Bahrain kupasuliwa.

Alirudi na kovu jembamba shingoni na sauti ya mnong'ono. Daktari hakumficha kitu: tezi yote imetolewa, kwa hiyo kidonge atameza kila asubuhi maisha yake yote, akihisi ganzi midomoni na vidoleni, ale kile kingine cha kalisiamu, na sauti, kwa kuwa mshipa wake wa fahamu umeguswa, huenda ikarudi, huenda isirudi.

Watu walikuja kumpa pole, wakaliangalia kovu, wakasema mashaallah, limekauka vizuri. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kwa watu kidonda kikifunga, maradhi yamekwisha. Nani angeamini kwamba mwanamke anahisi baridi Mutrah, mwezi wa Juni, joto la kule likiwa la kuchoma, amejifunika shali? Miguu ilimwia mizito, nywele zilibaki kwenye kitana, vidole vilimkakamaa katikati ya kukanda unga. Akanenepa pia, na wageni wakamsifu kwa unene huo, jambo lililomuudhi kuliko yote.

Kheiria, shoga yake tangu chuo cha Kurani Unguja, alikaa Darsait, nje kidogo ya Mutrah. Wiki za mwanzo alikuja kumuuguza. Akaona mgonjwa ameinuka, akarudi kwenye shughuli zake. Alipokuja tena baada ya miezi, alikuja kwa adabu za kwao: hodi mara tatu, usipoitikwa unaondoka, na mlango wa mtu huugusi. Nasriya alikuwa peke yake jikoni, nyuma ya ua. Alimsikia. Aliitika "Karibu!" kwa nguvu zake zote, ikatoka pumzi tupu. Mpaka ajikokote afike mlangoni, kichochoro hakina mtu. Ikawa hivyo safari ya pili, na ya tatu.

Jirani yake Masouda, mzaliwa wa hapo hapo Mutrah, hakuwa na matatizo hayo. Yeye aliupiga mlango kwa kiganja mpaka komeo likalia, na haondoki hadi afunguliwe. Zamani Nasriya alikuwa akimcheka kwa fujo hizo; siku hizi alimwombea dua.

Masouda ndiye aliyeleta maneno. Kheiria alikuwa anamwoza bintiye Shaikha, na mama aliyetumwa kualika nyumba kwa nyumba alifika hapo, akapiga hodi, hakuitikwa, akapita.

"Mimi nimemwambia Kheiria huna sauti," alisema Masouda. "Anasema, mbona anaonekana kisimani, mbona anaoka mikate? Mtu mzima wa kuoka ni mzima wa kuitika. Wallahi, ndivyo alivyosema. Umemfungia mlango, naye hatojipendekeza tena."

Nasriya alilia siku hiyo. Harusi angeikosa, zingekuwapo nyingine. Lakini Kheiria ndiye mtu pekee mji huu aliyemjua marehemu mama yake, na bila yeye hakukuwa na wa kukaa naye wakawataja watu wao waliobaki Unguja.

Asubuhi ya pili alimeza kidonge chake, akajifunika, akashika njia ya Darsait. Kwenda nyumba ya harusi bila mwaliko ni aibu kubwa kwa watu wa Unguja, na alilijua hilo njia nzima. Alipumzika kila alipoona ukuta wenye kivuli. Midomo ilipoanza kufa ganzi alitafuna kalisiamu kavu kavu, akaendelea.

Mlango wa Kheiria ulikuwa wazi. Ndani wanawake walikuwa wanachagua mchele, gumzo na vicheko vimepamba moto.

"Hodi," alisema Nasriya. Hakugeuka mtu. "Hodi." Kheiria alikuwa pale pale, hatua chache tu, amempa mgongo. "Hodi." Ya tatu ilimmaliza pumzi, machozi yakamlengalenga.

Adabu ilimtaka arudi. Na kweli aligeuka, akafika hadi njiani. Halafu hasira zikampanda, na afadhali zilimpanda. Alirudi, akavua viatu, akavuka kizingiti cha mtu bila kukaribishwa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Vicheko vilikatika. Kheiria aligeuka, uso umemwiva.

"Makubwa! Waingia nyumba ya mtu bila hodi, Nasriya? Ndo tumefika huko?"

"Nimepiga."

"Unasemaje? Sikusikii."

Nasriya alimshika mkono, akamvuta mpaka sikio la Kheiria likagusana na midomo yake. "Nimepiga tatu, shoga yangu, na wewe uko hapa hapa. Na kila ulipokuja kwangu, mimi nkikuitika."

Kheiria alisimama na ungo mkononi. Kisha akauweka chini, akamshika Nasriya bega, akamrudisha taratibu hadi nje ya kizingiti. Wanawake walitazamana, walidhani anamfukuza. Yeye alirudi ndani hatua moja, akamgeukia, machozi yanamtiririka.

"Haya, piga tena," alisema. "Piga, nnakuskiliza."