Sahani ya mstari wa dhahabu

Enzi zetu, wenye umri wangu mtaniunga mkono, chakula kilichopoa kilirudishwa jikoni, kikanyunyiziwa maji, kikafunikwa, kikapata moto taratibu huku sisi watoto tumekaa kwenye vibao tukinusa. Kule kwetu Pujini mama alikuwa na stovu ya mafuta ya taa, ya kupiga pampu, na ikishawaka ilivuma mpaka tunasemezana kwa kelele. Tulirudi kutoka chuo cha Kurani jioni vidole vinanuka karafuu, maana mchana tulikuwa tukizichambua, tukakuta muhogo wa nazi na kipande cha samaki wa kukaanga. Leo mpe mtoto muhogo wa nazi uone. Wangu mimi wataupiga picha kwanza, halafu waulize kama chipsi zimekwisha.

Stovu ikizima, mama hakumwita fundi. Aliipunguza upepo, akachokonoa kitundu kwa sindano yake nyembamba, akaipaka mafuta ya nazi ngozi ya pampu iliyokauka, akaiwasha tena. Majirani wakamletea na zao. Siku moja jirani yetu Bi Mize alileta yake imejaa maji. Alikosea dumu wakati wa kumimina. Mama aliyamwaga, akaikausha, na mume wa Bi Mize alipokuja kuichukua akauliza nani kaiharibu.

"Taka tu hizo, shemegi," mama akamjibu. "Stovu zote zaingia taka."

Nilimkodolea macho. Mume yule alipoondoka mama akaniambia, "Mwenzio msitiri, mwanangu. Stovu n'shaitengeneza, ya nini tena kumuumbua?" Nikacheka, nikarudi kwenye mdako wangu, kurusha na kudaka vijiwe.

Sasa mama ni mzee na nakaa naye hapa Gombani. Jikoni mwangu mna maikrowevu, zawadi ya kaka yangu aliyeko Maskati. Juzi juzi ilianza kutoa cheche. Ukibonyeza, taa inawaka, kioo cha chini kinazunguka, mara pa! pa! na harufu ya kuungua nyumba nzima. Wala sikuuliza. Mama mpaka leo hali ila kwenye sahani yake ya bati, na bati haliingizwi mle, nilishamwambia. Nikamgeukia mbele ya wanangu na mbele ya wifi yangu Salma, aliyekuja kutoka Konde kukaa nasi siku chache.

"Mama, si nilikwambia usiguse? Tazama ulivyoniharibia!"

Mama aliinamisha kichwa. "N'samehe, mwanangu. Sirudii."

Watoto wakapata mchezo. Rimoti ikigoma, feni ikigoma, wanasema, "Bibi katia bati!" Na mimi nilicheka pamoja nao. Naona haya hata kuliandika. Mama naye tangu siku hiyo hakulikaribia jiko, akawa anakula wali wa jana umepoa vile vile, chumbani kwake, mlango kaurudisha.

Salma alipokwisha kuondoka, na fundi wa mjini kunizungusha kwa ahadi, nikaamua kujitengenezea mwenyewe. Nikatafuta video kwenye simu, nikachomoa waya ukutani. Jamaa wa kwenye video alionya tusifungue mgongo wa mashine, kwa sababu umeme hubaki mle hata baada ya kuchomoa, nami sikuthubutu. Lakini kwa ndani, ubavuni, mna kipande mfano wa karatasi ngumu ya kijivu, na chetu kilikuwa cheusi kimetoboka. Nikakibandua, nikafuta mafuta yaliyoganda, nikanunua kipya mjini Chake, nikakikata kwa mkasi kufuata kile cha zamani. Nilijiona fundi hasa.

Video ilikuwa bado inaendelea. Yule jamaa akasema cheche huletwa na vyombo vya bati, na pia sahani zenye mstari wa dhahabu.

Nikaisimamisha video. Sahani za mstari wa dhahabu ni zangu, za wageni. Siku aliyofika Salma nilimpashia pilau kwa sahani hizo, nikabonyeza nikakimbilia sebuleni kumlaki. Nikafungua kabati nikazihesabu, moja haipo. Niliikuta chini kabisa, imeviringishwa ndani ya kanga ya mama, mstari wake umeungua madoa meusi.

Nikampelekea chumbani. "Mama, ulijua?"

"N'liiona nikiosha vyombo."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya wifi yako? Ende Konde akahadithie hujui kutumia kitu chako mwenyewe?" Akaikunja ile kanga. "Na bati langu halijaingia mle hata siku moja. Mie naliogopa dude lile."

Nililia. Kisha nikawaita watoto, nikampigia Salma nikaweka sauti ya juu, nikasema kwa kelele ile ile niliyomgombezea mama: mimi ndiye niliyeiharibu, bibi yenu hana kosa. Watoto walitazama chini. Mama hakufurahi. "Ushajiumbua sasa," akaninong'oneza, "na mie nilikuficha."

Zamani mama zetu walitusitiri kwa sababu tulikuwa watoto, nasi tukaona ndiyo kazi yao. Mimi leo nina mvi, nimesoma, nina jiko la kubonyeza, na sikuweza kumsitiri mama yangu hata kwa kosa ambalo si lake.

Maikrowevu sasa inapasha vizuri kuliko mwanzo. Kila mchana namuuliza mama kama nimpashie wali wake, naye hunijibu kwa upole kwamba hapana, ashazoea kula hivyo hivyo.