Nilimutoa Ilunga mu Golo

Nilikosa, na ule alikuwa na haki ya kunipiga hayuko tena. Lakini muniache nianzie mbali, kichwa ya muzee inatembea vile tu.

Nikiwa mutoto, mama alikuwa ananituma kukamata posho ya baba ku kampuni: unga, samaki kavu, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Karani anauliza jina, kiisha mugini, kijiji tulikotoka. Siku moja nilisahau mugini yetu, akanirudisha mikono mitupu. Baba akanifundisha na mukaba. Muntu bila mugini hakuli, alisema.

Njo vile nilijua nguvu ya mugini juu ya karatasi.

Wakati Katanga ilijitenga na Kongo, bakubwa ba mupira balifanya mashindano ya urafiki: timu mbili zetu, mbili za ngambo ya mupaka. Siku mbili tu.

Gardien wetu, mulinda golo, alikuwa Ilunga. Bazazi bake balitoka Kasai, na siku zile Bakasai balikuwa banafukuzwa mu Katanga, nyumba zao zinachomwa. Lakini Ilunga ni jina ya kule na ya huku. Mama akamuingiza kwetu, akaambia bantu: huyu mutoto ya dada yangu, wa Kabongo, huku Katanga. Tulilala kitanda kimoja. Aliniita yaya, kaka mukubwa.

Mimi nilikuwa gardien wa pili. Miaka miwili ninakalia kiti, ninamuangalia yeye anapigiwa makofi!

Siku ya pili, final na timu ya Ndola, uwanja umejaa. Prezida wa mashindano akasoma majina, kila muchezaji na mugini yake, bageni bajue tuko Bakatanga ba kweli. Akafika kwa Ilunga, wa Kabongo.

Nikasema: "Huyu si wa Kabongo. Ni wa Kasai."

Nilifikiri batamukalisha chini tu, kiisha. Hapana, ninadanganya. Nilijua.

Kwanza bantu baliseka. Mumoja aliuliza kama treni ile inayorudisha Bakasai kwabo iko na golo ndani. Jiwe ilikuya nyuma ya kicheko.

Prezida akamuambia avue maillot, jezi ya gardien. Akaivua, akanipa mimi, ingali na moto ya mwili wake.

"Yaya, mama nitamuambia nini?"

"Usimuambie kitu. Usirudi."

Niliingia mu golo, tukafungwa magolo sita. Bageni balienda bila kugusa chakula ya urafiki, na mashindano ile haikufanywa tena. Mama hakunipa tena bukari, ugali yetu, mukononi mpaka kufa kwake. Alikuwa ananiwekea chini, kama ya imbwa.

Wewe unayesoma, usimuuze ndugu yako juu ya nafasi. Nafasi yangu ilikuwa ya dakika makumi kenda.

Ilunga yeye alifungua viatu vya mupira, akaviweka kando ya mulingoti ya golo. Akapita kati ya bale baliomutemea mate, kifua wazi, miguu mitupu, bila kukimbia. Akatoka mu mulango ya uwanja, akakamata barabara, na hakurudi.