Rafiki yangu alitoa siri yangu kwa filamu, na bwanangu ndiye ameipenda kuliko watu wote

Admin, nifichie jina na hata picha, kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Gatina wanafuata hii page kuliko wanavyomfuata pasta. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Bwanangu ni fundi wa mbao hapa Kawangware. Tuna mtoto mmoja, Joy wa miaka mitatu, na tunaishi na Neema wa miaka minane, mtoto wa marehemu dadangu. Hivyo ndivyo bwanangu anajua. Ukweli ni kwamba dadangu aliaga bila mtoto. Neema nilimzaa mimi.

Nilimzaa nikiwa Kisumu Ndogo kule Kibera, nikiuza omena. Babake alikuwa kijana wa kazi za mjengo, na tulipendana wacha tu, tulikuwa tunakula sahani moja kwa sababu ya pili haikuwepo. Akaenda Mombasa kutafuta kazi, na mpaka wa leo hajarudi. Nyumba nilikuwa nakaa na rafiki yangu, nitamwita Mercy. Baba Joy alipoanza kunichumbia, tukionana mjini tu bila yeye kufika kwangu, mamake alikuwa ameshasema mwanamke mwenye mtoto wa nje haingii kwa boma lake. Nikaogopa kumpoteza. Neema alikuwa na miaka mitatu. Wiki mbili nikakaa naye chini nikimfundisha kuniita anti. Akisema "mama" najifanya sijasikia. Akisema "anti" nampa kipande cha mandazi. Mercy alikuwa ameketi kitandani akituangalia, na akaniapia hatasema. Mamangu pia alijua ni wangu, lakini alienda na hiyo siri kaburini.

Baadaye Mercy akaingia kikundi cha maigizo, akaandika filamu. Imesifiwa mpaka ng'ambo, imepata tuzo, TV ni yeye redio ni yeye. Jumamosi iliyopita mchana wakaionyesha kwa holi ya kanisa letu. Baba Joy ndiye alisema twende sote.

Wacha niseme ukweli, filamu ni nzuri. Sijawahi kuona umaskini wetu ukionyeshwa bila kuchekwa. Mvua ikipiga mabati, wale wapenzi wawili wanasukumiana kipande cha mwisho cha ugali, "kula wewe", "hapana, kula wewe". Kijana anaanguka kwa mjengo anakufa. Huyo wangu hakufa, aliniblock tu, lakini nililia kama nimefiwa.

Halafu yule msichana akapata bwana mwingine, akaamua kumficha kwamba mtoto ni wake, na hapo mtoto akatokea. Mama kamketisha kwa stuli, mandazi iko mkononi. "Mimi ni nani?" "Mama." Kimya. "Mimi ni nani?" Jamani, hayo ni maneno yangu mwenyewe. Neema alikuwa ameketi hapo kando yangu akikula popcorn.

Baba Joy alilia. Huyu mwanaume hakulia hata tukimzika babake! Tukitembea kurudi nyumbani akaniambia, "Huyo mama simlaumu kwa umaskini. Namlaumu kwa kunyamazia bwanake miaka yote hiyo. Lakini ni muvi tu, hakuna mama anaweza kufanya hivyo kwa ukweli." Nikajibu, "Eeh, ni muvi tu." Mungu anisamehe.

Jumatatu nikamtafuta Mercy nikiwa nimewaka. Nikamuuliza, "Nilikukosea nini?" Akaniambia, "Sijataja jina lako mahali popote. Na hiyo hadithi inasaidia wamama wengi." Nikamwambia, "Wamama wengi hawakukuonyesha hadithi yao, ni mimi." Halafu mtu mzima na akili zake akaniuliza, "Kwani hukuipenda?" Huyu tulilala kitanda kimoja miaka mitatu. Nikiwa na uchungu wa kuzaa, ni mkono wake nilishika. Afadhali angeniibia nguo zote nikajua ni mwizi.

Sasa shida imekuwa kubwa. Jumapili hii Mercy anakuja kanisani kujibu maswali ya watu. Mtu amemwambia Baba Joy kwamba tuliwahi kukaa nyumba moja, na amefurahi vibaya sana. Amemwalika kwetu chakula cha mchana, ameagiza hadi kuku. Anasema ana swali moja tu la kumuuliza: huyo mama yuko kweli, na mtoto alikuja akajua?

Na jana nikimsuka Neema akaniuliza, "Anti, mbona huyo mtoto hakukataa?" Nikamwambia alikuwa mdogo. Akasema, "Mimi ningekataa." Nikashindwa kuendelea kusuka.

Najua nimedanganya, matusi yenu nitameza. Lakini Jumapili ni kesho kutwa. Mnaosoma, hasa nyinyi mliolelewa na mtu mkimwita anti, niambieni: nianze na bwanangu, ama nianze na huyu mtoto? Na nikimketisha chini mara ya pili, naanza na neno gani?