Beseni Nililolitoa Njia Panda

Asubuhi ile nilikuwa Nyamiaga, nachora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Mwenye bucha alitaka ng'ombe anayecheka. Tulibishana, mwishowe nikampa ng'ombe meno, tukanywa chai. Vita vilikuwa ng'ambo ya mpaka, na tulivisikia redioni kama habari za watu wengine.

Mchana watu wa upande wa Bugarama wakaanza kupita barabarani na magodoro kichwani. Wenye bunduki walikuwa wamevuka.

Kesho yake alfajiri nilichukua daftari na penseli nikaenda huko walikotoka, kutazama. Hadi leo najiuliza nilikwenda kutazama nini.

Kijiji kilikuwa kimeungua chote.

Mbuzi aliyepasuka tumbo alikuwa ndani ya kisima cha kunywa. Mzee mmoja alilala kifudifudi mlangoni kwake, miguu mitupu, myeupe kwa vumbi. Walimuua, wakamvua viatu.

Nilitapika.

Kisha nikaanza kuona uzuri, na hilo ndilo linalonichefua kuliko yote. Mabati yaliyoungua yalikuwa yamegeuka zambarau pembeni. Kinu kilisimama kizima katikati ya majivu. Na pale njia inapogawanyika, moja ikienda Kanazi na nyingine ikiteremka mtoni, beseni la bluu lenye maua mekundu lilikuwa limefungwa kwenye mti wa kutambazia maharage kwa kamba ya mgomba. Jua lilikuwa limelipiga. Sikuwa nimewahi kuona bluu kama ile.

Mimi ni Mhangaza, sikuhitaji kuelezwa. Kwetu anayetangulia humwachia wa nyuma chombo cha nyumbani njia panda, mdomo ukielekea alikokwenda. Nilijua kuna mtu anayesubiriwa apite hapo. Nikajiambia atakuwa amekwishapita, au amekwishakufa. Nikakata kamba, nikaondoka nalo.

Nimelichora beseni lile mara nyingi. Bluu yake ndiyo iliyonipa jina na karakana yangu pale Ngara mjini. Wageni husimama mbele ya picha, wakasema nimeona matumaini ndani ya magofu. Nami nilizoea kuitikia kwa kichwa, mnafiki mkubwa.

Mwaka jana akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuketi. Alilitoa beseni lenyewe ukutani nilikolitundika, akapitisha kidole kwenye ukingo uliobanduka rangi.

"Hili nililifunga mimi," alisema. "Mume wangu Gaspari alikuwa amekwenda mnadani. Nilitaka ajue nimewapeleka watoto Kanazi. Wewe fundi, ulilitoa lini?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Siku ya pili, mama. Asubuhi."

Nje pikipiki zilikuwa zinaita abiria.

"Yeye alipita siku hiyo hiyo, mchana," alisema. "Waliokuwa wamejificha migombani walimwona. Alisimama pale njia panda muda mrefu, anaangalia huku na huku. Halafu akateremka mtoni kututafuta."

Wenye bunduki walikuwa bado mtoni. Sisi sote tuliokuwa huku siku zile tunajua hivyo.

"Nisamehe," nilisema. Lilikuwa neno dogo, likanitia aibu lilipotoka.

Aliketi sasa, beseni mapajani, machozi yakimtoka. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, hata anipige nalo.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani nililielekeza vibaya. Wakwe zangu waliniambia hivyo msibani, mbele ya watoto. Nikaamini."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe nilifunga sawasawa."

Alilia huku akishusha pumzi, kama aliyetuliwa mzigo. Mimi nilisimama pale, mikono imejaa rangi, nikiwa sijui niiweke wapi.