Siku Nilipompiga Fundi wa Ndege

Mimi ni mtu wa hasira, nalisema mapema ili nisisingiziwe upole.

Wakati ule nilikuwa nauza nyanya. Nilizinunua soko la Miti, nikazipakia uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu, kwenye ndege ndogo ya injini moja, nikazishusha huko msituni ambako barabara haifiki na nyanya ni kitu cha heshima. Fundi wa ndege ile alikuwa mdogo wangu wa kiume, tumbo moja. Desturi yao ilikuwa fundi apande ndege aliyoitengeneza. Hana kiti, anakaa juu ya magunia nyuma ya rubani. Abiria wakimwona amepanda, roho zinatulia.

Juma lile ndege ilikuwa imelala siku tatu. Mpira unaopeleka mafuta kwenye injini ulikuwa umepasuka, na mwenye ndege aliahidi kipuri kipya kila asubuhi. Makreti yangu yalikuwa yameanza kuvuja maji. Nilimfuata mdogo wangu chini ya bawa, nikamfokea mbele ya wapakiaji.

"Nyanya yangu inaoza! Leo hii ndege iende, fanya namna!"

Akafanya namna. Alikata utepe kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, akauzungusha palipopasuka, akaukaza kwa waya. Mkasi ulikuwa wangu, ule wa kukatia kamba za makreti.

"Itashika, yaya," aliniambia, maana mimi ndiye dada yake mkubwa. Nikapanda.

Ilishika mpaka tulipoanza kushuka. Kwanza harufu, kisha moshi, kisha moto ukatoka chini ya miguu ya rubani kwa kishindo, kama mafuta ya kukaangia yaliyomwagiwa maji. Tulikuwa abiria sita. Mwanamume mmoja alinikanyaga kifuani akitafuta mlango, na huku tuko juu bado! Nikamng'ata mguu mpaka nikaonja damu. Mdogo wangu alinyakua chupa ya kuzimia moto, akaminya. Ikakohoa mara moja, basi. Ilikuwa tupu. Rubani alipiga mayowe mfululizo, lakini mikono yake haikuachia usukani. Alitushusha, ndege ikadunda kwenye majani, ikalala ubavu. Tulitoka kwa kukanyagana. Rubani alivutwa wa mwisho, suruali imegandana na ngozi. Alikufa kabla ya kurudishwa Bukavu.

Watu waliokuja kupokea mizigo walituzunguka wakiuliza moto ule umetokana na nini. Hakuna aliyejua habari ya ule mpira ila mimi, mdogo wangu na yule rubani, ambaye hakuweza tena kusema. Laiti angenyamaza! Lakini mdogo wangu hajui kudanganya tangu utotoni. Aliinua mkono.

"Ni miye njo nilifunga ule mupira."

Wakaanza kuokota mawe. Hapo nilimnyang'anya ile chupa ya chuma, bado alikuwa ameishika, nikampiga nayo usoni. Nilisikia taya likivunjika. Akaanguka, nikampiga begani, nikampiga tena kichwani, nikimtukania mama kana kwamba si mama yangu pia. Sikuwa na hila yoyote. Niliogopa atamtaja na aliyemsukuma, yaani mimi, na nilimchukia kwa kusimama mzima wakati rubani anagaagaa kwenye majani. Nilitaka anyamaze, anyamaze kabisa. Mwanamke mmoja aliyetujua ndiye aliyenishika kiunoni akanivuta.

"Muache!" aliwapigia wengine kelele. "Ndugu yake mwenyewe iko namupiga, siye tutafanya nini tena?"

Wakayaachia mawe, mmoja mmoja.

Mama hachoki kuisimulia siku hiyo kwa namna yake. Jumapili iliyopita alikuwa na wageni wa kanisani, akaanza tena kabla hata hawajanawa mikono.

"Muko naona huyu? Mutoto wangu iko na akili! Alimupiga ndugu yake yeye wa kwanza, ili wale wengine wasimuue."

Wageni wakanipongeza. Nilitamani kupasua sahani. Mdogo wangu alikuwa ameketi mbele yangu. Siku ile alikuwa akinitazama machoni chupa iliposhuka, kwa hiyo anajua sikuwa nikimwokoa, na nilimngoja aseme.

"Ndiyo, maman," akasema. "Yaya alinipiga pole-pole."

Nikavuta sahani yake nikamkatia nyama vipande vidogo, maana upande wa kushoto hawezi tena kutafuna.