Uji wa Mrija

Juzi nilipita nyuma ya soko la Kakamega nikakutana na harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni: unga wa mahindi uliochachuka, ukikaangwa juu ya bati. Rafiki yangu, kama hukukulia kwetu, nikuambie kwamba hiyo ndiyo harufu ya busaa, pombe yetu ya nafaka, ikianza kutengenezwa. Nilisimama pale na kikapu changu kama mtu aliyesahau njia, kumbe nilikuwa nimerudi miaka ile ya Uhuru, jikoni kwa nyanya yangu huko Iguhu.

Nyanya, mama mzazi wa baba, alisifika kwa busaa yake. Sisi wasichana tulikuwa tukianika kimera cha wimbi na kufukuza kuku, tukiiba viazi vitamu jivuni akigeuka. Mchana, kabla mvua haijaanza, chungu kiliwekwa kati na wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa mwishoni. Hakuna aliyeketi ovyo. Kila kiti kilikuwa na mwenyewe, na mzee akifa, kiti na mrija vilimwendea mwanawe wa kwanza. Ndivyo baba alivyorithi nafasi ya babu. Kuiacha wazi kungekuwa kumtupa marehemu.

Baba alikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka moja mjini, na miaka ile kazi ilimwagika, kwa sababu kila mtu alitaka kuingia Uhuru na nguo mpya. Baba hakuwa mlevi wa fujo. Alikunywa, akaimba, akatuletea mandazi. Labda ndiyo sababu hatukuona mapema. Chungu kikikauka alitafuta chang'aa, ile pombe kali ya magendo, na asubuhi mikono ilimtetemeka hadi anywe kidogo ndipo itulie. Mimi ndiye niliyemtilia uzi kwenye sindano kabla ya kwenda shule. Baadaye akaanza kusahau vipimo. Alimshonea mwalimu mkuu kaptura ya mwanafunzi, na mwanafunzi akapata suruali ya kumfika kifuani. Mji mzima ulicheka, na sisi pia, Mungu atusamehe.

Kicheko kiliisha miguu ilipokufa ganzi. Kiatu kilimtoka njiani asijue, akaendelea kutembea. Shangazi zangu wakaamua kwamba kuna mtu amezika kitu chini ya cherehani. Wakaleta mtaalamu wao, akachimba baraza ya watu mpaka magotini. Alichopata ni vifungo, sindano zilizovunjika na hasira ya mwenye duka.

Macho yalipogeuka manjano na tumbo likavimba, mama hakungoja shangazi. Alimpeleka hospitali. Daktari alizungumza naye taratibu: "Mama, huyu hajarogwa. Pombe ya miaka mingi imeharibu ini lake. Miguu nayo, ni mishipa ya fahamu imeumia, na akili pia inaguswa. Akirudia, mtamzika."

Alikaa hospitali muda mrefu, akarudi amekonda, mnyenyekevu kama mgeni. Hata kabla hajapumzika, wazee walikuja kuuliza habari za kiti.

"Mtoto wetu amepona, sasa marehemu baba yake akae peke yake huko chini?" mmoja akauliza.

Mama alilipuka. "Basi mzikeni pamoja na hicho kiti!"

Baba aliinamisha kichwa. Alitaka kuishi, nilimwona, lakini pia hakujua atamkataaje baba yake. Nyanya aliendelea kuchambua mboga zake za mrenda.

Siku busaa ilipoiva, aliamka akapika uji wa wimbi, mwepesi, akauchuja kwa kitambaa, akauchuja tena ili usizibe mrija. Akautia kwenye chungu kidogo, akakiweka mbele ya kiti cha babu, kando ya chungu kikubwa. Kisha akamshika baba mkono, akamketisha, akampa mrija. Mama alisimama mlangoni mikono kichwani.

"Hiki ni nini, Kukhu?" mzee jirani akauliza, akimwita bibi kwa lugha yetu. "Mwanaume anakunywanga uji na mrija?"

"Kiti ni chake na mrija ni wa baba yake," nyanya akajibu. "Mlisema kiti kisikae wazi. Kiko wazi? Na ambaye hataki aende apikiwe kwingine."

Nani angeenda kwingine? Busaa ya nyanya haikuwa na mpinzani. Walicheka wiki kadhaa, wakazoea. Baba alinyonya uji wake katikati ya walevi miaka yote iliyobaki. Daktari wa leo angetukaripia kwa kumkalisha karibu hivyo na pombe, na pengine angekuwa na haki. Mimi najua tu kwamba nyanya alimpa mwanawe njia ya kukataa bila kumkosea mtu, na sijaacha kumshukuru.

Mikono ilitulia, akashona tena, ingawa si kazi ngumu. Miguu haikupona sawasawa. Ila kumbukumbu za miaka ile ya chungu zilimtoka kichwani, na hazikurudi kamwe. Leo vyungu vimeisha, mirija siioni, na wazee wote wamelala. Nikikumbuka yale, sina wa kunisahihisha.

Uzeeni, watu wakisimulia siku ya Uhuru, baba alikuwa akinigeukia.

"Na mimi nilikuwa wapi, mama?" Aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mamake.

"Ulikuwa uwanjani, baba. Ulinibeba mabegani nione bendera."

"Nilikubeba?"

"Ukacheza ngoma nami juu."

Alitabasamu kama anayesikia habari njema za mtu mwingine. Wiki iliyofuata aliuliza tena, nami nikamsimulia tena, na kila mara alimalizia kwa swali lile lile, kama nilifurahi.

Nilifurahi, baba. Nilifurahi sana.