Mita Moja na Kidole

Rosebella alimpigia baba yake simu alfajiri kutoka soko la Ggaba, na salamu hakuzirefusha. Mwaka ule wa korona wauza samaki waliambiwa walale sokoni hukohuko, asiyetaka afunge meza. Yeye alilala chini ya meza yake, kando ya ndoo, wiki ya ngapi hakumbuki.

"Baba, karatasi ya masomo ya Nelima ni leo."

"Najua."

"Saa tisa mwalimu anafunga geti. Mbili zilipita hazikurudishwa. Hii ikikosa, siku shule ikifunguliwa mtoto anarudishwa darasa la wadogo."

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia tu, Baba."

"Itafika," akasema Mzee Nyongesa.

Neno lake lilikuwa kama msumari wa reli: likishapigwa, limepigwa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa nyapara wa genge lililotengeneza njia ya garimoshi, na sasa alikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya kota za reli, Nsambya. Darasa hakuwahi kulikanyaga. Mambo ya karatasi yalikuwa ya mkewe, Nabangala, fundi cherehani. Nabangala walikuwa wamemzika Januari, kwao Bungoma. Karatasi mbili za kwanza zilikosa kwa sababu hiyo. Zilikaa juu ya kabati, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na moyo wa kuzigusa.

Baada ya uji Nelima akaketi barazani na karatasi yake. Alikuwa na miaka minane. Pembeni yake alikuwa Marlène, binti wa Perpétue, jirani yao Mkongomani. Marlène alikuwa na miaka sita, na masomo aliyafuata popote penye uji.

Nelima akasoma kwa Kiingereza, kisha akamgeuzia babu yake. "Inasema: pima vitu vitano vya nyumbani kwa mita na sentimita. Halafu muulize mkubwa wa nyumba wazee walipima na nini. Uandike sentensi mbili."

"Basi karatasi yenyewe inaniita mimi."

"Tutapima na nini, Kuka? Iko hii tu." Akainua kipande cha rula kilichovunjika penye ishirini.

"Hiyo ya kupimia panya," Nyongesa akasema, akaingia ndani.

Nyuma ya mlango ilisimama fimbo. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, dada za Nabangala walichukua cherehani, mkasi na futi ya kitambaa. Fimbo waliiacha, walidhani ya kuchungia mbuzi. Tangu siku ile Nyongesa hakuwa ameigusa. Aliposafisha chumba alifagia kuizunguka. Sasa akaishika. Katikati, pale mkono wa mkewe ulipozoea, mti ulikuwa laini kama sabuni.

Akatoka nayo.

"Hii niliikata mwenyewe, mwaka mama yako alipozaliwa, vita vimekwisha juzi tu. Futi ya Kukhu, bibi yako, ilikuwa imefutika namba. Nikaenda na mti kwenye njia, nikaukata utoshe katikati ya reli na reli. Hapo katikati ni mita moja, toka Mombasa mpaka Kasese. Mtu anakosea. Reli haikosei."

Nabangala naye aliitia mikato kwa wembe, mkato mmoja kila sentimita kumi. Wakapima. Nyongesa alilaza fimbo, Nelima akahesabu mikato, kilichobaki akakisoma kwa karula, akaandika, Marlène akashikilia kila kilichopimwa kisikimbie. Stuli, meza, sufuria kubwa ya chai. Kitanda: mita moja na sentimita themanini na nane. Mlango: mita moja na tisini na nane. Saa tano haijafika, vyote vitano vilikuwa kwenye karatasi, na mzee akajisikia kama siku za zamani, genge limemaliza kabla ya jua kali.

Ila Marlène hakuwa amemaliza. Alikuwa chini sakafuni, analaza kile kipande cha rula juu ya fimbo.

"Kuka, fimbo yako iko murefu."

"Mrefu namna gani?"

"Karula imelala mara tano, na kidole imebakia."

Nelima akamnyang'anya rula, akapima mwenyewe, polepole. Mara tano. Mwishoni kikabaki kipande, upana wa kidole. Uso wake ukabadilika. "Na mimi nimeandika na kalamu ya wino."

"Karula iliyovunjika itajua nini?" Nyongesa akasema. "Vaeni viatu. Twende kwa reli yenyewe ikatuamulie."

Perpétue alikuwa mlangoni pake anakunja vitenge. "Mzee, fimbo inaugua? Munaipeleka hospitali?"

"Fimbo nzima. Napeleka rula mahakamani."

Garimoshi la mizigo lilikuwa limeshapita asubuhi. Hata hivyo Nyongesa aliwaacha watoto kwenye nyasi, akatazama huku, akatazama kule, akasikiliza, ndipo akaingia njiani. Akainama, akaweka ncha moja ya fimbo kwenye reli ya kushoto, akashusha ya pili.

Haikushuka. Ilikaa juu ya chuma.

Akasogea mbele mataruma kumi, yale yanayobeba reli, akajaribu tena. Ikakataa. Akavua kofia, akaitazama ile njia iliyonyooka kuelekea mjini, kisha akageuka kutazama nyuma, pale inapopinda. Akakumbuka.

Kwenye kona, reli hutanuliwa kidogo ili magurudumu yapite bila kubanwa. Kila mtu wa genge analijua hilo. Yeye mwenyewe aliwafundisha vijana, tena kwa matusi. Na wiki ile aliyokata fimbo, genge lilikuwa likifanya kazi konani. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na haraka ya kumpelekea mkewe zawadi. Akapima palepale aliposimama.

Wakaenda hadi kona. Fimbo ikaingia katikati ya reli, ikalala kama mtoto mgongoni.

"Kuka," Nelima akasema, "kwa hiyo ulikosea?"

"Nilikosea."

"Miaka mingapi?"

"Hesabu miaka ya mama yako."

Marlène akacheka. "Basi Kukhu alishona nguo kubwakubwa tu!"

Nyongesa akataka kumkemea, asimkemee. Ni kweli. Wanawake wa Nsambya walisema nguo ya Nabangala haibani. Unanenepa, unapata mimba, nayo bado inakukubali. Jioni moja alimuuliza mkewe siri ni nini. Nabangala hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Ni ile fimbo yako," alisema. Nyongesa akatembea na sifa hiyo kifua mbele kwa miaka.

Akawarudisha watoto nyasini, akaketi, akaigeuza fimbo mapajani. Karibu na ncha palikuwa na mkato mwembamba, hafifu kuliko mingine. Siku zote alidhani ni wembe ulioteleza.

"Nelima. Weka karula hapa."

Mara ya tano rula ikaishia juu ya mkato ule, sawasawa.

Nabangala alijua, basi. Aliweka alama mita inapoishia, akaendelea kuwakatia watu kitambaa mpaka nchani. Wala hakumwambia mumewe hata siku moja kwamba amekosea.

Nyongesa akabaki ameweka kidole gumba kwenye kile kipande kilichozidi. Kisha akavaa kofia. "Inukeni. Saa saba hii."

Nyumbani Nelima alitaka karatasi nyingine. Haikuwepo.

"Kata mstari, andika juu," babu yake akasema. "Genge likikosea halitupi reli. Linang'oa msumari, linasogeza, linapiga tena."

Vilivyo chini ya mita vilikuwa sawa, maana mikato ya Nabangala ilikuwa ya kweli. Kitanda kikawa mita moja na tisini. Mlango ukawa mita mbili kamili. Kisha Nelima akainama kwenye sentensi zake, akaandika peke yake, akamsomea kwa Kiswahili: "Kukhu alipima na fimbo ya reli. Alijua imezidi kidole kimoja, na kidole hicho aliwapa watu."

"Acha hivyohivyo," mzee akasema.

Zilibaki dakika kumi walipofika kwenye geti. Mwalimu Ochan alikaa nyuma ya meza, barakoa kidevuni, maboksi mawili mbele yake. Akapitisha macho. "Hapa mbona umekata?"

"Tulirudia kupima," Nelima akasema. "Mita yetu ilikuwa ya kona."

Ochan akamtazama mtoto, akamtazama mzee na fimbo yake, akasoma mpaka chini. Akasoma ile sehemu ya mwisho mara mbili. "Sahihi ya mkubwa wa nyumba bado."

"Mimi sijui kuandika," Nyongesa akasema, wala hakupunguza sauti. "Lete wino."

Ochan akampaka kalamu kwenye gumba. Mzee akaligandamiza chini ya sentensi za Nelima, na karatasi ikaingia kwenye boksi la zilizopokelewa.

Njiani akapiga simu Ggaba.

"Imefika."

"Yote, Baba?"

"Yote," akasema. "Na kidole juu."